Tuandike "right to work" kwa bango la Mei Mosi ama tutafute maneno mengine?

mwalimu_kondele
Wadau habari zenu, naomba msaada wa haraka kwa wale mnaelewa mambo ya leba na siasa. Sisi ni kikundi cha walimu hapa Kisumu, wengi wetu wa junia sekondari, wengine bado ni maintani, yaani wanafundisha kwa posho bila ajira kamili, na wengine walimaliza ualimu kitambo na TSC, ile tume inayoajiri walimu, haijawahi kuwaita hata siku moja. Mei Mosi tunataka kutoka na bango letu na tisheti, tutembee pamoja na manesi na wale wa viwanda vya sukari. Kila kitu kiko tayari, pesa tumechanga, mtu wa kuprinti anangoja, ila tumekwama kwa maneno ya mbele.

Mwenzetu mmoja alipendekeza RIGHT TO WORK, yaani haki ya kufanya kazi, kwa herufi kubwa na karibu kila mtu akaipenda, juu ni fupi, inasomeka ukiwa mbali na ndio kilio chetu kabisa. Mtu amesomea kazi, shule hazina walimu wa kutosha, halafu anakaa nyumbani ama anapewa posho ya elfu 20 kabla ya makato kwa kazi ileile ambayo jirani yake kwa stafurumu analipwa mshahara kamili. Sasa katibu wetu akatuma picha ya mchoro kwa shemeji yake ako Michigan, na huyo shemeji hakungoja hata asubuhi, akapiga simu usiku akisema tusithubutu, hiyo ni slogani ya watu wanaotaka kuua yunioni. Nesi mmoja kwa grupu naye anasema hayo maneno yeye anayajua tu kutoka kwa fomu za kazi za Uingereza na hayana uhusiano wowote na maandamano.

Kwa hivyo nauliza, ni nani yuko sawa? Na mtu akiyasoma hapa Kisumu ataelewa nini? Sitaki tuonekane tunapinga yunioni na hao ndio wanatutetea, pia sitaki tuogope maneno yetu wenyewe kwa sababu ya siasa za nchi ya watu.

bondo_hadi_detroit
Mwalimu, huyo shemeji hajatia chumvi hata kidogo. Nafanya kazi kwa kiwanda cha vipuri vya magari huku Michigan na nimeishi hiyo vita, wacha nikueleze polepole maana watu wengi hata huku hawaielewi.

Kwa sheria ya leba ya Marekani ya 1935, yunioni ikipata wafanyakazi wengi pahali pa kazi inakuwa msemaji wa kila mtu pale, memba na asiye memba. Ikileta nyongeza, wote wanapata. Ukionewa na suparvaisa inatakiwa ikutetee kwa haki hata kama hujawahi kuichangia senti. Ndio maana yunioni zilikuwa zinaweka kwa mkataba na mwajiri kwamba kila anayefaidika atoe kitu, na asiyetaka umemba analipa tu ile sehemu ya gharama za kujadiliana. Sasa 1947 Kongresi ikaleta sheria ya Taft-Hartley, Rais Truman akaikataa, wakaipitisha hivyo hivyo, na ndani yake kuna kifungu 14(b) kinachoachia kila jimbo nafasi ya kupiga marufuku mkataba wa aina hiyo. Jimbo likipiga marufuku, sheria yake ndio inaitwa "right to work". Florida na Arkansas walikuwa wameshaanza 1944, na jina lenyewe lilisukumwa na mhariri wa gazeti la Dallas tangu 1941. Angalia vile lilichaguliwa vizuri. Haimpi mtu yeyote kazi, haizuii mtu yeyote kufutwa, kitu inafanya ni kumruhusu mtu apokee matunda ya mkataba bila kuchangia. Baada ya miaka kadhaa mfuko wa yunioni umekauka na mwajiri anajadiliana na watu hawana nguvu.

Wanaoiunga mkono wana hoja yao na nitaisema, wanasema si haki mtu alazimishwe kulipa chama asichokipenda ndio aendelee na kazi yake. Nimefanya kazi na watu wanaoamini hivyo kwa moyo safi. Lakini Martin Luther King 1961 aliwaonya watu wake kabisa kwamba hiyo ni slogani ya uongo na wasidanganywe nayo, maana majimbo ya kusini yaliyoishika kwanza ndiyo yaleyale yaliyokuwa yanamkandamiza mtu mweusi.

Hapa Michigan, nyumbani kwa yunioni ya watengenezaji magari, Ripablikani waliipitisha Desemba 2012 kwa haraka sana, watu wamejaa mpaka nje ya bunge la jimbo. Demokrati walipopata viti 2023 wakaifuta, Gavana Whitmer akatia sahihi, ikaanza kufanya kazi Februari 2024. Missouri nao bunge lilipitisha 2017, wananchi wakaipeleka kwa kura Agosti 2018 na wakaikataa karibu theluthi mbili. Saa hii ni majimbo 26 yako nayo. Kwa watu wa serikali, walimu wakiwemo, Mahakama ya Juu iliamua Juni 2018 kwa kesi ya Janus kwamba nchi nzima hakuna kumkata asiye memba.

Kwa hivyo mwalimu wa Michigan akiona picha yenu kwa simu yake, walimu Waafrika kwa tisheti wameandika hivyo, atadhani mnaandamana dhidi ya yunioni yenu. Hatasoma maelezo chini ya picha. Mimi ningeacha.

kibuye_mnadani
Kaka wa Detroit asante kwa somo, lakini kwani Mei Mosi tunaandamana Kisumu ama Lansing huko Michigan? Hapa mtu akiona "right to work" anaelewa nataka kazi, nimenyimwa kazi, basi. Mama anayeuza omena soko la Kibuye hajui Taft wala Hartley na hahitaji kuwajua. Mwalimu hao watu wako wana njaa, wacha waandike kile wanasikia. Tukianza kupima kila neno kwa vile Mmarekani atalisikia hatutamaliza, hata "handshake" ingetushinda, maana kwa ofisi ni kusalimiana ama ile pesa ya kukuondoa kazini, lakini tangu 9 Machi 2018 Mkenya yeyote akilisikia anaona Uhuru na Raila wakipatana pale ngazi za Harambee House. Neno ni la mwenye kulitumia mahali pake.

mkulima_wa_mumias
Nauliza tu, si hiyo ndio ile bosi anaweza kukufuta bila kukuambia sababu? Binamu yangu ako Texas alifutwa hivyo wakamwambia hii ni "right to work state".

bondo_hadi_detroit
@mkulima hapana, hizo ni mbili tofauti na hata hapa mahuman risosi wanazichanganya. Ile ya kufutwa wakati wowote bila sababu wanaiita "at-will" na iko karibu kila jimbo isipokuwa Montana, hata majimbo yenye yunioni kali. Ile nyingine ni mambo ya michango tu. Ila naelewa kwa nini binamu yako aliambiwa hivyo, jina lenyewe ni tamu kwa mdomo wa mwajiri. Pole kwake, na kama alifutwa kwa sababu ya rangi ama kwa kuongea mambo ya yunioni bado ana kesi hata Texas, asikubali kunyamazishwa na hayo maneno.

@kibuye nimekusikia ndugu yangu. Lakini picha za Mei Mosi hazikai Kisumu, unajua vile simu zimekuwa.

wakili_mtarajiwa_nax
Nasoma sheria hapa Nakuru, niongeze upande ambao hamjaugusa. Hayo maneno yana maana nyingine nzito mbali na ile ya Wamarekani, na hiyo maana ndio iko upande wenu. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 23, linaanza kwa kusema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, kuchagua kazi yake kwa hiari na kulindwa dhidi ya ukosefu wa kazi. Ukishuka kwa hiyo ibara moja unakuta malipo sawa kwa kazi sawa, na mwisho wake ni haki ya kuunda yunioni na kujiunga nayo. Kwa hiyo pale kazi na yunioni zimefungwa kwa kifurushi kimoja. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi na kijamii wa 1966 nao ibara ya 6 inarudia, Kenya ilijiunga nao 1972, na Katiba yetu kifungu cha 2(6) kinasema mkataba tuliouridhia ni sehemu ya sheria za Kenya.

Lakini mwalimu naomba usikie hii vizuri kabla ya kuprinti. Katiba ya 2010 yenyewe haijaandika haki ya kupata kazi. Nenda kifungu 43 utapata afya, makao, chakula, maji, hifadhi ya jamii, elimu, kazi haimo. Kifungu 55 kinaiambia serikali ichukue hatua vijana wapate ajira, ni wajibu wa kuchukua hatua, si ahadi kwamba wewe fulani utaandikwa. Kile kimeandikwa wazi kabisa ni kifungu 41, kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kuwa kwa yunioni na kugoma. Na hiyo ndio ilitumika Aprili 2024 wakati Mahakama ya Ajira iliposema TSC haina mamlaka ya kuajiri maintani na kwamba kumfanyisha mwalimu mwenye leseni kazi nzima kwa posho si utendaji wa haki. TSC ilienda rufaa, lakini hoja ilisimama kwa kifungu 41.

Kwa hivyo mkiandika "right to work" ofisa yeyote wa serikali atawajibu kwa upole kwamba haki hiyo inatimizwa hatua kwa hatua kulingana na uwezo wa bajeti, na amemaliza. Mkiandika malipo sawa kwa kazi sawa, kifungu 41, hapo ana shida ya kujibu.

maua_naivasha
Mimi nimekuwa shopstiwadi, yaani mwakilishi wa yunioni pale kazini, shamba la maua Naivasha muda mrefu na naomba nisikilizwe hapa, maana naona watu wanaongea kama hayo mambo ya Marekani hayawezi kufika kwetu.

Kwetu pia iko hiyo vita, ni vile hatuna jina lake. Labour Relations Act ya 2007, kifungu 48 ni makato ya memba, kifungu 49 ni ile ejensi fii. Yaani yunioni ikishaandikisha CBA, ule mkataba wa pamoja na mwajiri, kortini inaweza kuomba waziri atoe amri, na kila mfanyakazi anayefaidika na hiyo CBA bila kuwa memba anakatwa kitu. Hii ndio kitu ambacho majimbo 26 ya huyo ndugu wa Detroit wamekataza. Na hapa kila mwisho wa mwezi mtu anakuja na peisilipu mkononi amekasirika ananiuliza mbona nimekatwa na mimi si memba wenu. Namkalisha chini namwonyesha CBA, nyumba analipiwa kiasi gani, likizo ya uzazi ya mkewe, ovataimu, viatu vya gamboti, dawa ikipulizwa masaa mangapi kabla ya kurudi grinihausi. Hakuna hata moja ililetwa na mvua. Wengine wanaelewa, wengine wanaondoka bado wamenuna. Ni kazi ngumu na ya kila siku.

Sasa fikiria kesho mwanasiasa fulani anakuja Naivasha ama Kericho kwa majani chai anasema nitawaletea "right to work", hakuna kukatwa tena. Watampigia makofi! Kwa sababu itasikika kama anawaletea kazi. Na sisi tutakuwa tumewazoesha watu hayo maneno kwa tisheti zetu wenyewe. Hiyo ndio hofu yangu, sijali sana Michigan watafikiria nini.

Kibuye anasema neno ni la mwenye kulitumia, mimi nasema neno ni la mwenye kulirudia mara nyingi zaidi, na wenye pesa hurudia kutushinda. Tom Mboya alitoka hapo Rusinga kwenu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la leba 1953, mwaka uleule mkoloni alipiga marufuku KAU, chama cha siasa cha Waafrika, na yunioni ndio ilibaki mahali Mwafrika angeweza kusema siasa kwa lugha ya mshahara. Hayo mambo mawili, kazi na siasa, hayajawahi kutengana nchi hii.

nyar_seme_leeds
Mimi ni nesi, nilitoka Kisumu, niko Leeds. Naunga mkono yule dada wa grupu yenu. Huku Uingereza hayo maneno ni swali kwa fomu, kila mwajiri lazima aangalie kama una ruhusa ya uhamiaji ya kufanya kazi kabla hujaanza hata siku moja. Zamani ilikuwa kadi, siku hizi ni mtandaoni, unatoa namba maalum kutoka kwa akaunti yako ya viza na mwajiri anaingia anaona. Akiajiri mtu bila ruhusa faini ni mpaka pauni 45,000 kwa kila mtu mara ya kwanza na 60,000 akirudia, tangu Februari 2024. Ndio maana wanauliza kwa ukali. Hata raia wao wanaulizwa.

Lakini hata hiyo ni siasa, msidhani ni karatasi tu. Kila serikali ikitaka kuonyesha inabana wageni inagusa hapo kwanza. Wale wa kutunza wazee, njia ya kuajiriwa kutoka nje ilifungwa 22 Julai 2025, na kuna Wakenya walikuwa wameshauza ng'ombe.

Na hii ndio sababu nimeandika, mwalimu tafadhali waambie watu wako. Kuna maejenti huko nyumbani wanauza "barua ya right to work ya UK". Hakuna barua kama hiyo. Inatoka kwa viza yako na viza inaanzia kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, hakuna mtu Kisumu wala Eldoret anaweza kukuuzia. Kijana aliyeona hayo maneno kwa tisheti yenu na kesho akayaona kwa bango la ejenti hapo stendi ataona ni kitu kimoja. Nimepokea simu za kulia kutoka kwa watu wa nyumbani na naumia sana.

kibuye_mnadani
Sista wa Leeds hiyo ya maejenti imenigusa, mtoto wa jirani alipoteza pesa hivyo. Sikuwa nimeifikiria kwa upande huo.

Lakini @maua_naivasha, wakili amesema hapo juu kwamba maneno ni yetu pia, yako kwa Azimio la dunia nzima. Sasa mtu akiiba jembe lako unaacha kulima? Mimi naona tungeyashika kwa nguvu, tuandike na namba ya ibara chini yake.

wakili_mtarajiwa_nax
@kibuye hoja yako ina uzito na kwa maandishi ningekuunga mkono. Kwa barua, ombi la bunge la kaunti, memo kwa shirika la kazi la kimataifa, tumieni hayo maneno yote na mtaje ibara ya 23 na ibara ya 6, msomaji wa huko anajua mnazungumzia nini na hakuna atakayewachanganya na Texas. Shida ni bango. Bango halina nafasi ya kujieleza, na namba ya ibara kwa herufi ndogo haionekani mtu akipita na boda.

mwalimu_kondele
Jameni asanteni sana, sikutarajia majibu mazito hivi. Tumekaa jioni hii tukasoma kila kitu kwa sauti, katibu akampigia tena shemeji yake na safari hii wameongea vizuri. Kilichowageuza watu wetu wengi si Michigan, ni yale ya Naivasha na yale ya maejenti. Walimu wawili walisimama wakasema wazi kwamba wao wenyewe hawajui ejensi fii wanayokatwa inaenda wapi, kwa hivyo tumeamua kabla ya Mei Mosi tumwite mtu wa yunioni aje atueleze CBA kifungu kwa kifungu, na atakuja akiwa na hesabu za matumizi mkononi.

Tisheti mbele itakuwa KAZI SAWA, MSHAHARA SAWA. Nyuma, AJIRA YA KUDUMU SASA, halafu chini Kifungu 41. Bango kubwa hivyo hivyo. Ile ya Kizungu tumeipeleka kwa memorandamu, aya ya kwanza, pamoja na ibara kama wakili alivyosema. @wakili_mtarajiwa_nax ukipata muda naomba uipitie nitakutumia inboksi. @maua_naivasha kama mko na siku hiyo Nakuru kivyenu tutumieni maneno yenu tuyabebe pia upande huu.

Kuna moja bado hatujamaliza, wale wenzetu hawajawahi kuajiriwa wanasema "mshahara sawa" haiwahusu, mtu hana mshahara atasawazisha nini. Na wako sawa. Mbele kuna nafasi ya mstari mmoja tu.

maua_naivasha
Wawekeeni bango lao wenyewe na walibebe mbele ya nyinyi mlioajiriwa. Idadi ya shule na nafasi za walimu zinazokosekana kwa kaunti yenu, iandikwe kubwa, ofisi ya elimu iko nayo, iombeni kwa maandishi.

kibuye_mnadani
Mimi bado nasema tumewaachia watu wabaya maneno mazuri na siku moja itabidi tuyachukue tena. Lakini nitatembea na nyinyi, nina pikapu, bango hilo la wasio na kazi naweza kulifunga kando yake lionekane kuanzia Kondele mpaka taoni. Niambieni mnakutanikia wapi na saa ngapi.